Mkanda wa Kubana Damu: Somo kutoka Uwanja wa Vita hadi Barabara ya Jinja

Somo la toleo hili linahusu chombo kidogo ambacho askari wa vitani hukiweka mahali ambapo mkono wake utakifikia upesi, lakini ambacho sisi wa barabarani hatukijui vema: mkanda wa kubana damu, unaoitwa na matabibu tuniketi. Hufungwa juu ya jeraha la mkono au la mguu, kisha hukazwa mpaka damu ikome kabisa. Majeshi ya dunia yamejaribu miundo mingi ya mkanda huu, na mingine ilishindwa. Tutailinganisha miundo hiyo kwa sababu tofauti zake zinamfundisha mkazi wa Kyambogo, Banda, Kinawataka na Ntinda jambo moja kubwa: mkanda uliokazwa nusu huweza kuongeza damu inayomwagika badala ya kuizuia.

Kosa lililonifundisha

Naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, jioni moja ya mvua, nilikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika mahali ambapo bodaboda ilikuwa imegongana na gari la mizigo kwenye Barabara ya Jinja, chini ya kilima cha Kyambogo. Mwendesha pikipiki, kijana mdogo, alikuwa amechanika mguu chini ya goti, na damu ilikuwa ikiruka kwa kufuata mapigo ya moyo. Nilivua kamba ya filimbi yangu, nikaifunga juu ya jeraha kwa mafundo mawili, nikaamini kazi imekwisha. Damu haikukoma. Iliongezeka. Mguu ukaanza kuvimba na kugeuka rangi, nami nikazidi kuivuta ile kamba.

Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara alipiga magoti matopeni, akakunja kitenge chake mara nne, akakigandamiza juu ya jeraha kwa mikono miwili na kwa uzito wake wote. Aliniambia bila kuniangalia, "Afande, acha hiyo kamba. Weka mikono yako hapa, juu ya yangu." Tuligandamiza hivyo hadi hospitalini, tukiwa tumepiga magoti nyuma ya pikapu. Kijana yule yu hai, na mguu wake anao. Daktari aliyempokea alinieleza bila ukali kwamba nia yangu ilikuwa njema, ila kamba yangu ilikuwa mbaya. Tangu siku hiyo nimejitahidi kuelewa sababu.

Kwa nini kamba nyembamba huzidisha damu

Mwili wa mtu mzima una takriban lita tano za damu. Ateri huipeleka damu kutoka moyoni kwa nguvu kubwa, na nyingi kati ya zile kubwa hupita ndani, karibu na mfupa. Vena huirudisha damu moyoni kwa nguvu ndogo, na nyingi ziko karibu na ngozi. Ukifunga kamba kwa nguvu ya wastani, vena zitazibika mara moja, lakini ateri zitaendelea kusukuma. Damu itaingia mguuni na kukosa njia ya kurudi, isipokuwa kupitia jeraha. Ni kama jerikeni lililojaa ambalo bado linaingiziwa maji ya bomba: maji yatatoka tu popote penye ufa.

Ili ateri izibwe, nguvu lazima ipenye misuli yote hadi ndani. Hapo ndipo upana unapohusika. Mkanda mpana huisambaza nguvu juu ya sehemu kubwa ya mguu, hivyo huifikia ateri kwa mkazo mdogo zaidi. Kamba nyembamba hudai mkazo mkubwa mno, nayo huweza kuikata ngozi na kuiumiza neva kabla ya kuizuia damu. Jambo la pili ni nyenzo ya kukazia. Mikono peke yake, hata iwe ya askari mwenye misuli, mara nyingi haitoshi. Panahitajika kijiti cha kusokota, meno ya kukazia au pampu ya hewa. La tatu ni kufungika: mkanda uliokazwa vizuri usilegee mgonjwa anapobebwa. Tutaupima kila muundo kwa maswali haya matatu: je, ni mpana, una nyenzo ya kuukazia, na hujifunga imara?

Safari ndefu ya chombo hiki

Mwaka 1718 daktari wa upasuaji Mfaransa, Jean-Louis Petit, alieleza tuniketi yenye parafujo: mkanda uliokazwa kwa kuzungusha skrubu. Muundo huo uliwapa madaktari uwezo wa kuongeza na kupunguza mkazo kidogo kidogo. Mwaka 1873 Mjerumani Friedrich von Esmarch, daktari wa jeshi, alieneza matumizi ya bendeji ya mpira unaovutika.

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia chombo hiki kilipata sifa mbaya. Majeruhi walikaa kwa saa nyingi wakiwa wamefungwa mipira na kamba kabla ya kumfikia daktari, na wengi walipoteza mikono na miguu. Kwa miongo mingi baada ya hapo, wanafunzi wa huduma ya kwanza walifundishwa kwamba tuniketi ni njia ya mwisho kabisa. Hofu hiyo nayo iliua. Katika vita vya Vietnam inakadiriwa kwamba askari zaidi ya 2,500 wa Marekani walikufa kwa kutokwa damu mikononi na miguuni pekee, bila jeraha jingine la kuua.

Fikra zilianza kubadilika rasmi mwaka 1996, madaktari wa jeshi la Marekani walipochapisha mwongozo mpya wa tiba ya vitani uliorudisha tuniketi mahali pa kwanza kwa jeraha la mkono au mguu linalotoa damu nyingi. Miaka mitatu kabla yake, mwezi Oktoba 1993, mapigano ya Mogadishu yalikuwa yameonyesha jambo jingine: askari aliyejeruhiwa juu kabisa ya paja, kwenye kinena, hawezi kuokolewa na mkanda, kwa kuwa hapana nafasi ya kuufunga. Mji huo si mgeni kwetu. Wanajeshi wa Uganda wametumikia huko chini ya Umoja wa Afrika tangu Machi 2007, na maofisa wa polisi wetu walifuata.

Miundo ikilinganishwa

Mwaka 2005 taasisi ya utafiti wa upasuaji ya jeshi la Marekani, iliyoko San Antonio, Texas, ilijaribu miundo saba kwa watu waliojitolea. Mitatu tu, ile inayojulikana kwa majina CAT, SOFTT na EMT, iliizuia damu kwa kila aliyejaribiwa. Wakati ule kila mmoja wa miundo saba ulikuwa na muuzaji aliyeusifu. Ni kipimo kilichotenganisha sifa na ukweli.

*Mpira unaovutika.* Huu ni mjukuu wa bendeji ya Esmarch, nao ulibebwa na askari wa Kisovieti kwa vizazi. Ni rahisi na hauna sehemu za kuvunjika. Mpana wake, ukizungushwa mara kadhaa kwa kuvutwa sana, huweza kufanya kazi. Lakini huteleza ukilowa damu, ni vigumu kujua umekaza kiasi gani, na ule mwembamba unarudi kwenye kosa la kamba yangu ya filimbi.

*Mkanda wa kijiti cha plastiki.* CAT ndiyo iliyogawiwa kwa askari wa Marekani baada ya majaribio ya 2005. Upana wake ni takriban sentimita 3.8. Mkanda hupitishwa kwenye bizimu, hushikwa kwa nata, kisha kijiti husokotwa na kuwekwa kwenye kishikizo ili kisirudi nyuma. Ubora wake mkubwa ni kwamba majeruhi anaweza kujifunga kwa mkono mmoja. Udhaifu wake ni kwamba nata hushika vibaya ikijaa matope au mchanga, na plastiki iliyokaa juani kwa muda mrefu hupoteza uimara. Ndiyo maana haifai kuning'inizwa kwenye dashibodi.

*Mkanda wa kijiti cha chuma.* SOFTT hufuata kanuni ileile, ila kijiti chake ni cha alumini na mkanda haushikwi kwa nata. Toleo lake pana lina bizimu inayofunguka, hivyo mkanda hupitishwa chini ya mguu ulionaswa bila kuingizwa kuanzia kwenye kidole. Kwa ajali ya gari, ambapo mguu umebanwa na bati, hiyo ni faida kubwa. Hata hivyo, kujifunga kwa mkono mmoja huhitaji mazoezi zaidi.

*Mkanda wa meno.* Huu hukazwa kwa wenzo unaopanda jino kwa jino, kama mikanda ya kufungia mizigo kwenye malori. Kila jino huongeza mkazo kidogo na haliruhusu kurudi nyuma. Mtu asiye na nguvu nyingi mikononi huuona mwepesi. Miundo ya aina hii ni miongoni mwa iliyoongezwa mwaka 2019 kwenye orodha ya kamati inayolishauri jeshi la Marekani kuhusu tiba ya vitani.

*Mkanda wa hewa.* EMT hufanana na kile kitambaa cha kupimia shinikizo la damu. Ni mpana kuliko yote tuliyoitaja, hivyo huzuia damu kwa mkazo mdogo na maumivu machache. Lakini hutoboka, ni ghali, na huchukua nafasi kubwa. Mahali pake ni ndani ya ambulensi na hospitalini zaidi kuliko kiunoni mwa askari.

Msomaji ataona kwamba hakuna muundo ulioshinda katika kila jambo. Iliyofaulu ilikuwa na upana, nyenzo na kufungika. Mtu anayenunua na asome maswali yale matatu kabla ya kusoma jina la kampuni. Tena ajihadhari na bidhaa bandia: mikanda ya kuigiza imeonekana katika masoko ya dunia, yenye vijiti vinavyopinda au kukatika pale vinapohitajika. CAT halisi huuzwa kwa takriban dola 30 za Marekani. Inayouzwa kwa bei ndogo mno inastahili kutiliwa shaka.

Hesabu ya dakika

Katika hospitali moja ya jeshi la Marekani mjini Baghdad, mwaka 2006, madaktari waliwafuatilia majeruhi 232 waliofungwa tuniketi 428. Waliofungwa kabla ya kuishiwa nguvu kwa kupungukiwa damu, asilimia 90 walipona. Waliofungwa baada ya hali hiyo kuanza, waliopona walikuwa asilimia 10. Na hakuna hata mmoja aliyepoteza mkono au mguu kwa sababu ya mkanda wenyewe. Takwimu hizi zinaijibu ile hofu ya zamani. Madaktari wa upasuaji hubana damu hadi saa mbili katika kazi za kawaida bila kuidhuru misuli kwa kudumu. Hatari huongezeka kadiri muda unavyozidi hapo.

Sasa tujipime sisi. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kufa katika dakika chache. Hakuna gari la wagonjwa, wala gari la doria, litakaloweza kila mara kupenya msongamano wa Barabara ya Jinja saa kumi na mbili jioni kwa muda huo. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, mabomu yalipolipuka kwenye uwanja wa raga wa Kyadondo huko Lugogo, kilomita chache kutoka Kyambogo, na katika mkahawa mmoja wa Kabalagala, watu zaidi ya 70 waliuawa. Katika saa kama zile, mtu aliye karibu na majeruhi ndiye daktari wa kwanza, apende asipende.

Wala tusingoje bomu. Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu, kimerithi karakana za chuo cha ufundi cha zamani. Penye msumeno wa umeme na mashine ya kukatia chuma, mkono wa mwanafunzi uko hatarini. Ntinda na Nakawa zina viwanda na gereji. Na kila kituo cha bodaboda kina vijana ambao miguu yao haina kinga yoyote.

Ufanye nini: hatua kwa hatua

1. Tazama usalama wako kwanza. Simamisha magari au ondoka barabarani. Vaa glavu, ukikosa, ingiza mikono ndani ya kaveera safi.

2. Mwagize mtu mmoja, kwa kumwonyesha kidole, apige simu 999 au 112. Ukisema "mtu apige simu", kila mmoja atamngoja mwenzake.

3. Gandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa mikono miwili na uzito wako wote. Usiinue kitambaa kila mara kuchungulia. Majeraha mengi hukoma kwa hatua hii peke yake.

4. Damu ikiruka, au ikiendelea kulowesha kitambaa, au mkono au mguu ukiwa umekatika, funga mkanda. Uweke sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha, upande wa moyoni, kamwe si juu ya goti wala kiwiko. Ikiwa huoni jeraha liko wapi, uweke juu kabisa ya paja au ya mkono. Toa simu na funguo mfukoni kwanza, zisije zikakaa chini ya mkanda.

5. Vuta mkanda kwa mkono uwezavyo kabla ya kugusa kijiti. Ulegevu ukibaki hapa, kijiti hakitaurekebisha. Kisha sokota mpaka damu ikome, na ukifunge kijiti. Majeruhi atalia kwa maumivu. Maumivu hayo si dalili ya kosa; usilegeze.

6. Damu isipokoma, kaza zaidi, au ongeza mkanda wa pili juu ya ule wa kwanza.

7. Andika saa uliyofunga, kwenye mkanda au kwenye paji la uso la majeruhi. Hapa pana mtego wetu wa lugha. Sisi husema saa nane mchana. Daktari atakayesoma "8" atadhani ni asubuhi. Andika kwa mtindo wa saa 24: 14:20.

8. Usiufungue. Kazi hiyo ni ya daktari.

Jeraha likiwa kwenye kinena, kwapa au shingo, mkanda haufungiki. Kwenye kinena na kwapa, jaza kitambaa ndani ya jeraha na ugandamize bila kuachia. Shingoni, gandamiza upande ulioumia tu, usizibe njia ya hewa.

Ukikosa mkanda wa dukani

Hapo ndipo wengi wetu tulipo. Kipande cha kitenge, leso au shuka kilichokunjwa kiwe na upana wa sentimita tano kinaweza kusaidia, kwa sharti moja: lazima kiwe na kijiti cha kusokota. Majaribio kwa mguu wa bandia yameonyesha kwamba mkanda wa kubuni usio na kijiti hushindwa karibu kila mara, na ule wenye kijiti hushindwa takriban mara moja katika kila tatu. Kalamu huvunjika, spana iliyo chini ya kiti cha pikipiki haivunjiki. Mkanda wa suruali ni mgumu, haukaziki vya kutosha. Kamba ya viatu, waya na kamba ya filimbi, nimekwisha kuvishuhudia. Mtu mwingine aendelee kugandamiza jeraha wakati unautayarisha mkanda wa kubuni, na ukishindwa kuukaza, rudi kwenye mikono yako.

Nyongeza moja: tusifunge mkanda kwa aliyeumwa na nyoka. Hapo hakuna damu ya kuzuia, na kubana huweza kuua misuli. Mlaze, asitumie sehemu iliyoumwa, apelekwe hospitali.

Polisi na raia

Wengine huniambia kwamba huogopa kumgusa majeruhi wasije wakaulizwa maswali na polisi. Naam, tutauliza kilichotokea, kwa sababu ndiyo kazi yetu. Lakini kugandamiza jeraha la mwenzako si kosa, na maelezo yanaweza kuandikwa baadaye. Karatasi husubiri, damu haisubiri.

Nawaomba wenyeviti wa LC1, viongozi wa vituo vya bodaboda na wasimamizi wa karakana wafikirie kuchanga na kuwa na mkanda mmoja halisi mahali panapojulikana na wote, pasipo jua, na watu wawili au watatu waliofundishwa kuutumia kwa vitendo. Kusoma makala hii hakutoshi; mikono hujifunza kwa kurudia.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kamba nyembamba iliyofungwa kwa nguvu ya wastani huweza kuongeza damu? *(Huziba vena, huacha ateri.)*

2. Taja mambo matatu ya kuangalia katika mkanda wowote. *(Upana, nyenzo ya kukazia, kufungika imara.)*

3. Umefunga mkanda saa moja na nusu jioni. Utaandika nini? *(19:30.)*

4. Jeraha liko kwenye kinena. Utafanya nini? *(Jaza kitambaa, gandamiza, usiachie.)*

Yule mama wa mahindi hakuwahi kusoma somo hili, wala hakuwa na mkanda. Alijua tu kwamba kitambaa kipana na uzito wa mwili hushinda kamba. Majeshi yalihitaji karne tatu na maabara kuthibitisha sehemu ya alichokijua. Sisi tumepewa yote mawili, maarifa yake na yao. Tusikutwe barabarani na kamba ya filimbi.